Funga Kitabu, Kisha Useme

Hapa Mombasa watoto wengi wana shule mbili. Wakivua sare alasiri, wanavaa kanzu na buibui, hao chuoni, yaani madrasa. Wakirudi, Magharibi imekaribia na kazi ya nyumbani bado imo mkobani. Wazazi wenzangu hulalamika kuwa chuo kinawalia watoto muda wa masomo. Mimi naona chuo ndicho kilichonifundisha jinsi ya kusimamia vitabu vya shule.

Tazama maalim anavyomhifadhisha mtoto sura. Mtoto anasoma aya, anafunga msahafu, anaisoma kwa moyo. Akikwama anatajiwa neno moja tu, aendelee mwenyewe. Kesho yake, kabla ya aya mpya, anaanza na ya jana. Lakini mtoto huyohuyo akishika daftari la sayansi, anapitia ukurasa mara tatu, anaupiga mistari ya rangi, halafu anakwambia ameelewa.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha majaribio juu ya jambo hili. Baada ya dakika tano, wanafunzi waliorudia kusoma habari walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kuikumbuka bila kuitazama ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo mtoto anayekwambia ameshika hakudanganyi. Ameshika kweli, ila alichokishika hakitakaa.

Binti yangu yuko gredi ya tisa. Juzi alikuwa na usanisinuru. Nikamwambia, "Mwanangu, funga kitabu, nieleze mmea unajitengenezeaje chakula." Akataja jua, maji, kaboni dioksidi, akanyamaza. Akachukua karatasi kuukuu, akachora jani na mishale, na palepale akaona kuwa klorofili hakuiweka popote. Akafungua kitabu kutafuta hicho kimoja tu. Asubuhi, tukiwa kwenye tuktuk, nikamuuliza tena. Akaanza na klorofili.

Hesabu nayo ni hivyohivyo. Mfano uliokwisha kufanywa kitabuni ufunikwe kwa mkono, mtoto aufanye mwenyewe, ndipo alinganishe.

Kuhusu saa, usihangaike na ratiba ya kubandika ukutani. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linatua karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo adhana ya Magharibi inatosha kuwa kengele. Kwangu, wakishaswali, mikoba inafunguliwa mpaka Isha. Kabla ya hapo wameshakula kitu, hata kama ni viazi karai viwili na ukwaju, maana mtoto mwenye njaa hasomi. Nyumba isiyo na chuo ichague jambo jingine lisilobadilika kila siku, kama kuoga au chai ya jioni. Joto likizidi, watoke barazani penye upepo. Na taa ya kuchaji iwe imejaa, maana stima hupotea wakati huohuo wa kusoma.

Jambo moja halingoji Magharibi. Mtoto akivuka tu kizingiti, muulize mwalimu ameagiza nini. Miradi ya siku hizi inataka manila, gundi, maboksi, na mtoto hukumbuka saa tatu usiku, duka limefungwa.

Simu ndiyo ngumu. Kazi nyingi zinakuja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mtoto akipewa simu anakili maswali, baada ya dakika chache yuko kwenye video. Nakili wewe kwenye karatasi, simu ibaki kwako. Inachosha, najua, hasa ukiwa umetoka kazini na ugali uko jikoni. Lakini fanya.

Msingoje muhula wa mwisho. Kwenda sekondari ya juu, mtihani wa KJSEA, ule wa mwisho wa gredi ya tisa, unahesabiwa asilimia 60; 20 ni za KPSEA, mtihani wa gredi ya sita, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane. Maana yake jioni za gredi ya saba zina alama zake.

Isha ikifika na kazi haijaisha, mimi nafunga. Naandika kwenye daftari: "Alianza baada ya Magharibi, akafika swali la saba, la nane hakulielewa," natia sahihi, naye analala. Mwalimu akiliona hilo anajua pa kuanzia kesho.