Sauti ya Pili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Wewe uliyehamia mji mwingine ukiwa mtu mzima, ni lini ulianza kujiona mwenyeji?" Siku hiyo naikumbuka.

Nilikuja Dodoma mwaka 2018 nikitokea Tukuyu, Mbeya, nikiwa na miaka 61. Binti yangu ni mtumishi wa serikali. Wizara yao ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam naye akahamia, na kwa kuwa baba yake alishatangulia mbele za haki, hakutaka nibaki peke yangu. Kwetu mvua haituachi na migomba imeizunguka nyumba. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, kiangazi ni upepo na vumbi. Vumbi nililizoea. Kilichonishinda ni mchana: binti kazini, wajukuu shule, geti limefungwa, na hakuna jirani wa kuniambia "Ugonile", salamu yetu ya Kinyakyusa.

Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwaya ya akina mama. Tunafanya mazoezi Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni, chini ya mwarobaini. Wamo Wahaya, Warangi, Wahehe na wenyeji wetu Wagogo; sisi wageni karibu wote tumefuata watoto. Mwalimu wetu, kijana mpole sana, huandika maneno kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, maana ya daftari hatuyaoni. Asiyejua kusoma huimbiwa mstari, akaurudia mpaka ukae. Mimi nikawekwa sauti ya pili, ile inayoimbwa chini ya sauti ya kwanza. Ni ngumu! Sikio linakimbilia sauti ya kwanza, kwenye utamu, nawe unatakiwa kumsikia jirani huku umeishikilia ya kwako. Wiki tatu nzima nilikuwa navutwa.

Nyimbo za Kigogo tunaimba kwa muheme, ngoma ya wanawake wa huku. Unaibana katikati ya mapaja. Bibi mmoja Mgogo alinifundisha: "Legeza mabega, mama, ngoma haipigwi kwa hasira."

Halafu nikaugua malaria, nikakosa mazoezi mawili. Jumapili baada ya ibada geti likagongwa. "Mbukwenyi!" Salamu ya Kigogo. Akina mama sita, vitenge vya sare bado mwilini, na kopo la unga wa uwele. Wakazunguka kitanda changu, wakaimba wimbo tuliokuwa tunajifunza. Kwenye kiitikio sauti ya pili ikapwaya. Yule bibi akanyamaza, akanitazama: "Umesikia? Hapo ni mahali pako." Nikaingia, nimelala vilevile na homa yangu.

Ndiyo siku hiyo, Mhariri.

Wanetu mliotuleta mjini, chakula na dawa mnatupa, Mungu awabariki. Lakini mpelekeni mama mahali ambapo asipoonekana, ataulizwa. Nanyi viongozi wa kwaya, mazoezi yaishe kabla ya giza, na wazee wapate kiti chenye egemeo. Sisi tulichanga elfu tano tano, fundi wa mtaani akatuchongea benchi mbili.

Msomaji, Ipagala, Dodoma