Jibu la Msomaji: Ufito wa Mita Moja na Jua la Mchana

Swali la wiki liliuliza: mwalimu wa shule isiyo na maabara afanye nini ili watoto wa darasa la tatu hadi la saba wavutiwe na sayansi na hisabati?

Jibu langu: asianze na maajabu. Volkano ya siki na magadi hushangiliwa dakika mbili, kisha habaki mtoto mwenye swali, kwa kuwa hakuna aliyekisia wala kupima chochote. Mtoto hunaswa pale anapokuwa ametaja jibu lake mbele ya wenzake, halafu kipimo kikamkatalia. Kwa kazi hiyo ufito na jua vinatosha.

Tuseme ni darasa la sita, Dar es Salaam, karibu Julai 23. Kabla ya kutoka nje, kila mmoja aandike mambo matatu: kivuli cha ufito wa mita moja kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi, kitakuwa na urefu gani, na kitaelekea wapi. Wengi wataandika saa sita kamili, na kwamba kivuli hakitakuwepo. Kumbe kivuli kifupi kabisa huja karibu saa sita na nusu, kina nusu mita, na kimelala kuelekea kusini. Kigoma siku hiyohiyo huja kama saa saba na dakika nane. Saa zetu zimefuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao haugusi Tanzania wala Kenya bali hupita Somalia, na kila nyuzi 1 magharibi ya mstari huo jua huchelewa dakika 4. Juu ya hapo, mwishoni mwa Julai jua lenyewe huwa nyuma ya saa kwa dakika kama 6. Watoto wanaosoma madrasa huelewa upesi: adhuhuri huingia jua likishapinduka, na ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani huonyesha dakika zikihama mwaka mzima.

Jibu la "hakuna kivuli" nalo lina siku zake. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na karibu Oktoba 10. Ikifika katikati ya Novemba, kivuli cha mchana kina kama sentimita 20 na kimegeukia kaskazini. Kwa hiyo kazi hii irudiwe angalau mara tatu kwa mwaka; ikifanywa mara moja tu, nusu ya utamu wake umepotea.

Sasa ufundi. Ufito uwe wa sentimita 120, na 20 kati ya hizo zizikwe. Usimamishwe kwa timazi, hata ya uzi na kokoto, ukitazamwa kutoka pande mbili. Ufito ulioinama nyuzi 2 kuelekea kusini au kaskazini huharibu kipimo kwa zaidi ya sentimita 3. Ardhi nayo iwe tambarare. Kama hakuna pimamaji, chupa yenye maji nusu ikilazwa itaonyesha mteremko. Na watoto waonywe wasilitazame jua lenyewe.

Tatizo kubwa liko kwenye ncha ya kivuli. Jua lina upana wa kama nusu nyuzi angani, ndiyo maana ncha hiyo haina ukingo mkali bali ina ukungu wa sentimita moja hivi. Kundi moja litapima mwanzo wa ukungu, jingine mwisho wake, kisha ugomvi. Kata kipande cha boksi cha sentimita 15 kwa 15, toboa katikati tundu la milimita 5, kifunge kileleni kwa ukingo wake, kikiwa kimelala. Ndani ya kivuli chake kitatokea kidoa cha mwanga, na kinachopimwa ni katikati ya kidoa. Ila hapo ile mita moja ihesabiwe kutoka ardhini hadi tunduni, na sifuri ya tepu iwe mahali ambapo timazi iliyoning'inizwa tunduni inagusa ardhi. Wakianzia kwenye shina la ufito, kazi yote imeharibika.

Weka alama kila dakika tano, kuanzia saa sita kasoro robo hadi saa saba na robo. Urefu mfupi kabisa hupatikana kirahisi. Saa yake ndiyo inayosumbua, kwani dakika kumi kabla au baada ya hapo kivuli hubadilika milimita mbili tatu tu. Njia bora ni kuchora duara kwa kamba, kitovu kikiwa chini ya tundu, na kuandika saa kidoa kinapogusa duara kikiingia na kinapoligusa tena kikitoka. Saa ya katikati ndiyo inayotafutwa. Pembe kati ya alama hizo mbili ikigawanywa nusu, umepata mstari wa kaskazini na kusini bila dira.

Darasa la watoto 80 ligawanywe kwenye fito kumi. Vipimo kumi vitatofautiana, na hapo ndipo wastani unapokuwa na kazi ya kufanya.

Darasa la tatu na la nne hawahitaji pembe. Kila saa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, wakate ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na kivuli, waubandike ukutani kwa mpangilio wa saa. Tayari ni grafu, na hakuna aliyefundishwa grafu. Darasa la tano wapime mlingoti wa bendera kwa uwiano: ufito wa sentimita 100 ukiwa na kivuli cha 60, na mlingoti una kivuli cha 360, mlingoti ni mita 6. Vivuli vyote viwili vipimwe kwa wakati mmoja. Mnazi ulioinama hutoa jibu la uongo, maana kipimo kinapaswa kuanzia chini ya kilele, si kwenye mizizi.

Kwa darasa la saba, tafuteni shule rafiki ili mpime mzingo wa dunia. Tanga na Mtwara zinafaa sana, kwa sababu zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Karibu Julai 23 kivuli kifupi cha Tanga ni kama sentimita 47, cha Mtwara kama 58.5. Wachore pembetatu kwa skeli ili waione pembe ya kileleni, kati ya ufito na mwale wa jua, lakini kipimapembe hakitoshi kwa usahihi unaotakiwa. Mwalimu agawanye kivuli kwa urefu wa ufito, kisha atumie tan⁻¹ (kinyume cha tan) kwenye kikokotoo apate pembe. Tofauti ya pembe ni kama nyuzi 5.2, na hiyo ndiyo sehemu ya duara la dunia iliyo kati ya shule hizo. Gawanya 360 kwa hiyo, zidisha kwa umbali wa kaskazini hadi kusini unaosomwa kwenye ramani, kama kilomita 578, si ule wa barabara, na mzingo wa dunia utatoka karibu kilomita 40,000. Kosa la sentimita moja kwenye kivuli kimoja huhamisha jibu kwa zaidi ya kilomita 3,000, kwa hiyo shule zitumiane vipimo vyote, hata vinavyoonekana vibaya. Wingu likifunika Tanga, wote waahirishe: siku hizo jua la mchana husogea kusini kama nyuzi 0.2 kwa siku, na kulinganisha siku mbili tofauti huingiza kosa la kama kilomita 1,500.