Maswali ya Wasomaji: Michirizi, Mikwaruzo na Kazi ya Juu

Ndugu mhariri, skwiji yangu, kile kifaa chenye ukingo wa mpira cha kuvuta maji kwenye vioo vya madirisha, ni mpya na mpira wake ni mpya, lakini kila nikivuta inaacha mstari mwembamba wa maji. Nimeshabadilisha sabuni mara mbili. Kosa liko wapi?

Kama mstari unatokea mahali palepale kwenye mpira kila unapovuta, iache sabuni. Shika mpira kati ya kidole gumba na cha shahada, uupitishe taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine. Kijipengo kidogo kama kichwa cha sindano kinatosha kuacha mstari wa mita nzima. Mpira mpya nao huweza kuwa nacho, hasa ukihifadhiwa umekunjwa au umelaliwa na vyuma ndani ya mfuko. Ukingo wa mpira una pembe mbili zinazofanya kazi: moja ikiharibika, chomoa mpira, ugeuze, utumie ya pili. Zikichakaa zote mbili, tupa. Kuusugua kwa msasa ili kuunusuru hakufai kitu.

Mstari ukiwa pembeni tu mwa skwiji, tazama urefu. Mpira utokeze milimita 2 hadi 3 nje ya reli ya chuma kila upande. Ukiwa mfupi, chuma ndicho kinachogusa fremu na maji yanabaki kwenye kona. Ukiwa mrefu mno, ncha inajikunja na kuburuta maji. Kata kwa mkasi mkali, mkato ulionyooka, wala usiuvute sana unapouingiza kwenye reli, kwa kuwa mpira uliovutwa kupita kiasi hufanya mawimbi.

Kisha kuna mkono wenyewe. Wengi hukandamiza wakidhani nguvu ndiyo inayokausha, kumbe mpira uliokandamizwa hulala chali na maji yanapita chini yake. Kaushia kwanza ukanda wa sentimita 2 juu ya kioo na upande unaoanzia, kwa kitambaa au kwa ncha ya skwiji, ndipo uanze kuvuta. Elekeza maji upande ambao hujaupitia, na kila mvuto mpya ufunike sentimita 5 za ule uliotangulia.

Kipimo cha sabuni ni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo kwa ndoo ya lita 10. Ikipungua, skwiji inakwama na kutetemeka. Ikizidi, inabaki utando ambao hutauona mpaka jua liupige kesho yake. Na jua lenyewe ni adui: kioo chenye moto hukausha sabuni kabla hujavuta. Asubuhi anza upande wa magharibi, mchana jua likihama nawe hamia mashariki. Penye joto kali mpira mgumu hufanya kazi vizuri zaidi, kwenye baridi tumia mpira laini.

Nilisafisha vioo vya jengo lililomalizika kujengwa, nikakwangua rangi na saruji kwa wembe mpya kwenye kioo kilicholowa. Sasa mwenye jengo anasema nimevikwaruza, na kweli mikwaruzo ipo. Imewezekanaje?

Imewezekana, na huenda hukukosea namna ya kukwangua. Kioo kinachokomazwa kwa moto hupashwa joto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Kama kiwandani hakikuoshwa vizuri kabla ya kuingia tanuruni, vumbi la kioo lililobaki kwenye ukataji na usagaji wa kingo hushikamana na uso wake. Hulioni kwa macho. Wembe unapopita, unazing'oa chembe hizo na kuziburuta, na kila chembe inachora mstari wake.

Ndiyo maana ukaguzi hutangulia wembe. Tafuta muhuri mdogo uliochapwa kwenye kona ya kioo, ambao mara nyingi husema kama kimekomazwa. Osha, kisha pitisha ncha za vidole kwenye kioo kilicholowa: kikiparuza kama msasa, weka wembe chini. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kona moja iliyojificha, sehemu ya upana wa kiganja, huku ukisikiliza. Kioo safi hutoa mlio laini, chenye chembe hukoroma. Baada ya jaribio hilo, mwite mwenye jengo aone, na mwandikiane kwamba kukwangua kioo cha namna hii kunaweza kukichora. Kuandikiana baada ya mikwaruzo ni ugomvi tu. Michirizi ya sabuni unairudia asubuhi ikaisha, lakini mkwaruzo wa wembe haurudiwi, na gharama yake huwa ya kioo kizima.

Kwa kioo kinachokubali wembe, sukuma mbele tu. Ukirudisha wembe ukiwa umegusa kioo, mchanga ulionaswa nyuma yake unageuka msumeno, kwa hiyo uinue kila unaporudi. Kioo kilowe muda wote. Wembe wenye kutu, hata alama ndogo, hautumiki, na kutu huanza usiku mmoja tu ukiuacha umelowa ndani ya mpini wake.

Kioo chenye plastiki ya tinti hakiguswi na wembe wala dawa yenye amonia. Tinti mpya iachwe kwanza kwa siku 30 hivi, au kadiri mtengenezaji alivyoelekeza, ili gundi ishike.

Madoa meupe ya maji hayatoki kwa sabuni. Nitumie nini?

Hayo ni madini ya maji magumu, hasa chokaa. Anza na siki nyeupe, iache dakika chache bila kukauka, sugua kwa sponji nyeupe, suuza kwa maji mengi. Zuia isitiririkie mawe ya marumaru wala alumini. Ikishindikana, soma lebo kabla ya kununua dawa kali zaidi. Zile zenye asidi ya haidrofloriki tunakusihi uziache kabisa: hupenya ngozi, maumivu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na zinakichora kioo chenyewe. Usichanganye kamwe dawa ya klorini na amonia au asidi, hata siki, kwani moshi wake unaumiza mapafu.

Je, niendelee na ngazi au ninunue mpini mrefu wa maji safi, ule wenye brashi na maji nchani unaotumika ukiwa umesimama chini?

Kwa ghorofa ya pili na ya tatu, mpini, kwa sababu miguu yako inabaki chini. Lakini maji lazima yawe yamechujwa madini. Kipimo cha madini yaliyomo majini kisome 0, na kikifika sehemu 10 kwa milioni, badilisha kichujio. Osha fremu kwanza, zisuuze, ziache zimalize kudondoka, ndipo usuuze kioo kwa mara ya mwisho. Anayeruka hatua hiyo ndiye anayelalamika kwamba mpini unaacha madoa.

Hatari yake ni umeme. Mpini wa nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na mpini wa faibaglasi uliolowa nao hauaminiki. Kaa mbali na waya kwa angalau mita 3, na zaidi kwa nyaya za msongo mkubwa. Tazama juu kabla ya kurefusha mpini, siyo baada.

Ukilazimika kupanda ngazi: kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Usiiegemeze kwenye kioo. Ukiona unajinyoosha hadi kitovu kinatoka nje ya miguu ya ngazi, shuka uisogeze.

Kwenye jengo refu, mshipi na kamba moja nzuri havitoshi?

Havitoshi. Kamba ziwe mbili, kila moja na mahali pake pa kufungwa: moja ya kukubeba, ya pili ya kukudaka. Kamba inapokunjika kwenye ukingo wa paa, ivalishe kinga, maana hapo ndipo inapoliwa. Ndoo, skwiji na kikwanguo vyote vifungwe kamba zao, na eneo la chini lizungushiwe utepe. Awepo mwenzako anayejua kukushusha, kwa sababu mtu anayening'inia bila kusogea huanza kuzidiwa ndani ya dakika chache, na kusubiri waokoaji kutoka nje huchukua muda mrefu kuliko huo. Kila asubuhi pitisha kamba yote mkononi kabla ya kuifunga. Ukigusa sehemu iliyolegea, iliyokakamaa au iliyonenepa ghafla, kamba hiyo haipandi juu siku hiyo wala nyingine.