Mcheki Pratibha Parmar, mzaliwa wa Nairobi

Umeuliza kama kuna dairekta wa filamu mwanamke wa familia ya wahamiaji aliyedumu bila kubebwa na studio kubwa, mi nakupa Pratibha Parmar, kazaliwa Nairobi 1955 familia ya Kihindi, 1967 wakahamia Uingereza. Hakuanzia kwenye kamera, alikuwa mwanaharakati na mwandishi kwanza, video ikafuata. Anza na Sari Red ya 1988, ni fupi sana ila inakaa rohoni, inamkumbuka binti wa Kihindi aliyeuawa na wabaguzi wa rangi kule Uingereza 1985, na ule wekundu wa sari, rangi ya nguo ya mwanamke ndo hiyohiyo rangi ya damu, we iangalie tu. 1991 akatoa filamu ya A Place of Rage, wamo Wamarekani weusi wawili, mwanaharakati Angela Davis na mshairi June Jordan, wakiongea wenyewe. Warrior Marks ya 1993 aliyofanya na mwandishi Mmarekani mweusi Alice Walker kuhusu ukeketaji ilipingwa na baadhi ya wasomi wa Kiafrika, kwamba wanawake wa huku wamesemewa, na hapo nakubaliana nao kabisa. Ila mama hajaacha kazi, 2022 katoka na filamu juu ya Andrea Dworkin, mwandishi Mmarekani mtetezi wa wanawake.