Wati 5,000 za kwenye boksi hazitoki popote

SWALI: Ndugu mhandisi, marehemu baba aliniachia spika mbili za sebuleni za miaka ya 1980, zilizoandikwa wati 60, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Siku hizi besi inakwaruza. Fundi wa hapa Tanga anasema zimebaki mbao tu, nimwachie kwa bei ndogo kisha ninunue sabufa mpya ya wati 5,000 PMPO. Je, kipya si bora?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza iondoe hiyo 5,000 katika hesabu. PMPO, yaani kilele cha nguvu ya muziki kinachodaiwa kufikiwa kwa kufumba na kufumbua, haina kanuni ya upimaji, hivyo kila mtengenezaji huandika namba impendezayo. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 haifikishi hata wati 3,000. Sabufa iliyochomekwa hapo itazitoa wapi hizo 5,000 za kupiga muziki? Geuza uisome karatasi ya nyuma yenye kiwango cha umeme unaotumika, nawe utaelewa kwa nini muuzaji hupenda kukuonyesha boksi.

Hata wati zilizopimwa kwa uaminifu huonyesha kiasi ambacho spika inastahimili, wala si ukubwa wa sauti yake. Linganisha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazosikika mita 1 mbele ya spika inapopewa wati 1. Kwa kuwa kila desibeli 3 hudai nguvu maradufu, spika ya desibeli 84 huhitaji wati 80 ili ifikie sauti ambayo spika ya desibeli 90 huitoa kwa wati 20. Makasha makubwa ya zamani mara nyingi yalikuwa na faida hapa, ilhali kasha dogo la leo, likitakiwa kutoa besi nzito, hulipia besi hiyo kwa kula nguvu zaidi ya amplifaya.

Sisemi kwamba spika hazijasonga mbele. Watengenezaji wa spika JBL waliporudisha spika yao L100 ya mwaka 1970 kwa jina la L100 Classic mwaka 2018, walibakiza besi ya inchi 12 na uso wa sponji, lakini spika ya sauti nyembamba, iliyokuwa ya karatasi, ikawa kuba ya titani. Maendeleo ya kweli hufanyika kwenye vifaa na ubunifu, si kwenye tarakimu za boksi.

Spika zako yaelekea zimeoza ukingo wa sponji unaoizunguka koni (ile sehemu ya mbele inayotetema), jambo la kawaida kwa sponji ya umri huo, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani. Hubadilishwa ukingo peke yake, kwa kipimo kilekile, na koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) ikarudishwa katikati ili isiguse sumaku. Mkimbie anayepaka gundi juu ya nyufa, na zaidi yule anayepachika koni yoyote mradi inchi zilingane: koni hubuniwa pamoja na ujazo wa kasha lake, na koni ya omu 4 inaweza kuunguza amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8. (Anayeziita mbao huku akitaka kuzinunua anajua thamani yake.)

Mtindo huu wa namba za kubuni umeenea hadi redio za magari na spika za bluetooth, na wanaodanganyika si wajinga; wameamini tu kilichochapishwa. Kabla ya kulipa, uliza wati za RMS (za kupiga mfululizo) kwa kila spika, omu ngapi, na kwa upotofu wa sauti wa asilimia ngapi. Muuzaji akikujibu kwa kuongeza sauti ya muziki, ondoka dukani.