Nikitoka darasani, nimwambie nini mwalimu?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu mpya wa shule ya msingi, Singida. Nikipita madarasani bila taarifa, walimu wanadhani natafuta makosa. Nikitoka nasema "umejitahidi", basi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, "umejitahidi" haimsaidii mtu. Mwambie ulichokiona. Tuseme umekaa dakika kumi Darasa la 4, somo la sehemu. Mwalimu kachora chapati ubaoni, kaigawa robo, watoto wameelewa. Kisha akauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajafikiri.

Mtafute siku hiyo hiyo, mkiwa wawili. Mbele ya wenzake, hapana kabisa! "Ile chapati imewasaidia sana. Ulipouliza nusu jumlisha robo, ulijibu mwenyewe. Ilikuwaje?" Hapo nyamaza umsikilize. Pengine kengele ilikaribia na watoto ni themanini.

Kubalianeni jambo moja tu, mathalani ahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumtaja mtoto wa kujibu. Andalio la somo liache, lina siku yake. Juma lijalo rudi uangalie jambo lile lile, na usiliandike popote. Wakiona hivyo mara kadhaa, wenyewe watakuita: "Mkuu, njoo unitazame kipindi cha tatu."