X Yako ni ya Rangi Gani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nakaa Mwanza, mtaa wa bondeni karibu na ziwa, kazi yangu dagaa. Majuzi walikuja vijana na kopo la rangi, wakapiga X kwenye kibanda changu, kwa jirani, na kwenye mwembe tunaokaa chini yake kusubiri mitumbwi. Barabara inapanuliwa, njia nne. Wenzangu wanasema nitulie nisubiri fidia. Mimi naogopa mafuriko. Sasa hivi tu masika ikishika, maji yanafika kwenye tendegu za kitanda. Tukiuliza, si tutaambiwa tunapinga maendeleo? Mama Wawili, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri ila umesahau rangi! Nilishika tepu ya kupimia viwanja miaka mingi kabla ya kustaafu, na hilo ndilo la kwanza ningeuliza. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya barabara kuu na za mkoa kutoka meta 45 hadi 60, yaani 30 kila upande badala ya 22.5. Kwa kawaida X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, na huyo halipwi. Kijani ni ya aliyekutwa na zile meta saba na nusu za nyongeza. Huyo anadai.

Sitini hiyo usiichanganye na sitini ya ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Nyie wa dagaa mnakumbushwa hiyo kila kukicha. Basi na wajenzi wa mitaro ya barabara wabaneni kwa sheria hiyo hiyo.

Hofu yako ya maji ndiyo yenye uzito. Fidia hulipwa mara moja, masika inarudi kila mwaka. Lami hainywi maji. Mvua iliyokuwa ikizama kwenye mizizi ya mwembe wenu itateleza yote kutafuta bonde, na bondeni mko nyie. Pita Mto Mirongo siku ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mimi nilisimama pale na mwavuli wangu, katoto kamoja kakaniita, "Bibi, njoo uone rangi!" Kalidhani ni pambo. Ulikuwa utando wa mafuta ya magari, unang'aa zambarau na kijani, chupa za plastiki zimetangulia, nyuma yake tope, safari moja ziwani. Halafu tunashangaa magugu maji yananenepa.

Kwa hiyo ulizeni. Mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, muhtasari uandikwe, upigwe muhuri, uende kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa, NEMC, Kanda ya Ziwa, na nakala kwa wakala wa barabara, TANROADS, mkoa. Ombeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi wa namna hiyo hauanzi bila hiyo, na wanaoguswa wanapaswa kusikilizwa. Msiandike "hatutaki barabara". Andikeni: makalavati mangapi, upana gani, yanamwaga wapi? Mkijibiwa "mifereji itajengwa", hamjajibiwa, rudini tena.

Mwembe nao msiuone mdogo. Nairobi mwaka 2020, barabara ya juu ilitaka kuung'oa mkuyu mkubwa wa Westlands. Watu walipiga kelele mpaka Rais Uhuru Kenyatta akaagiza usiguswe. Barabara ilijengwa, mkuyu ukabaki.

Mthamini akija usimwonyeshe ukuta tu. Mwonyeshe chanja, mwonyeshe wateja. Fidia huhesabu pia usumbufu, usafirishaji na faida unayopoteza, lakini faida inataka daftari. Kama huna, nunua leo jioni, andika kila ndoo unayouza. Fomu yenye nafasi wazi usiisaini hata akikuita mama mara kumi.

Na uniandikie tena, unitajie rangi.